Katekista Aliyesikiliza Mpira Ukutani

Katekista wetu alikuwa na mahali pake ndani ya sine, kibanda cha kuonyeshea mpira: benchi ya pili kutoka mbele, mwisho wa kushoto, nyuma kidogo ya nguzo. Wengine waliikimbia nafasi ile kwa sababu nguzo ilificha kona moja ya televizyo. Yeye alisema haimsumbui. "Bakipeleka mupira kule sioni, nitauona mu macho ya bantu," aliniambia siku moja, akinywa chai yangu amesimama. Mimi niliuza chai ya maziwa na mikate ya kukaanga mlangoni pa sine kila Jumamosi na kila Jumapili alasiri, na kwa hiyo naweza kusema nilimtazama mtu yule kwa miaka kumi na miwili. Yeye alitazama mpira, mimi nilimtazama yeye.

Jina lake nililijua, kilima chote kililijua, lakini hakuna aliyelitumia. Hata mkewe alimwita Katekista.

Alikuwa mrefu, mwembamba, wa koti moja la kaki na boti nyeusi alizovaa kiangazi na masika. Siku ya misa alizifuta kwa majani mabichi mpaka zikang'aa. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko kifua chake. Padri alifika kwetu labda mara tano kwa mwaka, na Jumapili nyingine zote tulikuwa mikononi mwa Katekista: alisoma Injili, akahubiri, akazika, akaandika majina ya watoto wa ubatizo. Mahubiri yake yalikwisha kabla ya saa tano. Watu walisema ni Roho Mtakatifu. Mimi nilijua ni mechi ya saa saba.

Kilima chetu kiko upande wa Kibabi, kule Masisi. Sisi wa ng'ombe tulikaa juu, kwenye majani na ukungu. Wahunde, wenye mashamba ya maharagi na muhogo, walikaa chini. Kanisa na sine vilikuwa katikati, njia zinapokutana, na sijui mahali pa tatu ambapo watu wa juu na wa chini waliketi benchi moja. Katekista alikuwa wa chini. Alipenda kusema, "Pale mu sine hakuna muntu anakuuliza kabila. Anakuuliza ekipe." Akisha kusema hivyo alicheka peke yake, kwa sababu alijua kwamba ekipe, hizo timu za mpira, nazo ziliweza kutoa watu meno.

Mwaka fulani ng'ombe za mjomba wangu ziliingia shamba la watu wa chini, zikala maharagi yaliyokuwa karibu kuvunwa. Maneno yakawa makali, panga zikaonyeshwa. Jumamosi ile wakaingia sine kila upande na upande wake, njia katikati kama mpaka. Katekista alisimama pale kwenye nguzo, akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akavuka, akaenda mpaka kwa mjomba wangu, mzee wa kofia pana na fimbo ndefu, akamwambia, "Papa, sogea kidogo. Leo nguzo inanisumbua." Mjomba alikawia. Watu wote walisikia jinsi alivyokawia. Halafu akasogea. Hakuna aliyepatanishwa siku ile, maharagi hayakurudi, lakini wakati wa mapumziko watu walitoka kununua chai kwangu wamechanganyika, na nilipomaliza kumimina vikombe sikujua tena nani ni wa nani.

Televizyo ilizungumza Kifaransa, na wazee wengi hawakukisikia. Katekista ndiye aliyewafasiria, bila kuombwa, na aliongeza mengi. Mtangazaji akieleza kwamba mchezaji fulani alikulia katika umaskini, yeye alisema: "Huyu alikomalia mahali kama hapa, kilima kama hiki, mama yake alikuwa nalima." Mjomba wangu alikufa akiamini kwamba nusu ya wachezaji wa Ulaya wametoka Masisi.

Hakuwa mtu mtakatifu, nisije nikamchora vibaya. Alikuwa na hasira, na alipenda kusifiwa. Alifukuza kijana mmoja kwenye komunyo miezi sita kwa sababu ya kubahatisha matokeo kwa pesa, lakini yeye mwenyewe alitoka sine analia kwa ajili ya timu ya mji ambao hajauona hata kwenye ramani. Alitukataza matusi, naye akamtukana arbitri, mwamuzi wa mechi, kwa Kihunde. Nilipomuuliza, alinijibu bila aibu, "Mungu anasikia Kihunde vizuri. Anajua kama ni ule arbitri tu." Na katika mafundisho ya kitubio alituambia, "Arbitri wa chini anaweza kukosa kuona. Ule wa juu iko na kamera ku kila kona." Watoto wa komunyo ya kwanza walitetemeka.

Lakini neno lake ninalolikumbuka zaidi alilisema kwa sauti ndogo. Kulikuwa na wiki mbaya, watu watatu walikuwa wameuawa njiani wakitoka sokoni, na yeye ndiye aliyewazika. Siku mbili baadaye nikamwona anakuja sine kama kawaida. Nilikuwa na hasira naye. Nikamwambia, "Papa Katekista, na leo pia? Mupira?"

Alishika kikombe kwa mikono miwili. "Mama, kule ndani, muntu akimuumiza mwenzake, firimbi inalia. Bote banasimama. Bote banaangalia. Huku kwetu firimbi iko wapi? Niache nikae saa mbili mahali firimbi inalia."

Nilimjazia kikombe.

Nilipoanza kuuza pale, kuingia kulikuwa franga mia mbili. Bei ya yai. Mtu aliyekosa mia mbili aliingia na mahindi mawili, na mwenye sine, ambaye sote tulimwita Papa Sine, aliyapokea na kuyatafuna wakati wa mechi. Kisha ikawa mia tano. Kisha elfu moja. Kisha mechi kubwa zikawa na bei yake peke yake, iliyoandikwa kwa chaki kwenye ubao pale mlangoni, na kila mwezi chaki ilifutwa na kuandikwa tena.

Watu walimchukia Papa Sine. Siku moja walimzunguka mbele ya meza yangu, naye akatoa dekoda nje, akaiinua kama mtu anayeonyesha mtoto mgonjwa.

"Muangalie!" alisema. "Banazani nakula hizi feza? Abonema, malipo ya kila mwezi, ilipanda. Mbele kadi moja ilikuwa na mechi zote. Sasa banazikata: zingine ziko ku bouquet hii, furushi hii ya chaneli, zingine ku bouquet ya bei. Nisipolipa mbili, mutaona nusu ya mpira. Na esansi ya grupu, mafuta ya jenereta, inatoka Goma. Kila bariyeri mu barabara bananyoosha mukono. Ikifika hapa, litre moja inaisha kuwa bei ya dawa. Nifanye je?"

"Upunguze faida," alisema mmoja.

"Faida gani? Muingie mu nyumba yangu, mutafute hiyo faida!"

Katekista alikuwa amesimama nyuma ya wote. Aliingiza mkono mfukoni, akalipa, akaingia. Lakini niliona kwamba siku ile hakununua chai.

Ndivyo benchi zilivyoanza kupungua watu. Wazee wa juu waliacha kwanza, halafu wakulima wa chini, halafu vijana wenye kazi ya kubeba mizigo. Walibaki wenye motopikipiki, wenye maduka, na wanaume wenye bunduki ambao hawakulipa na ambao walikaa mbele. Katekista alibaki pia, na kilima kikaanza kujiuliza pesa anatoa wapi.

Jibu alilileta mkewe. Alikuwa mama mnene, mpole, aliyeongoza kwaya. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti nje ya wimbo. Jumapili moja, katikati ya mechi, alipita mbele yangu bila kunisalimu, akasukuma pazia la mlango, akaingia. Alikuwa ameshika chupa tupu ya mafuta. Akaenda mpaka benchi ya pili, akaiweka chupa juu ya goti la mumewe.

"Miezi miwili tunakula sombe ya maji, majani ya muhogo bila mafuta," alisema. "Watoto wa watu banatuchekelea. Katekista, unaona mupira? Sasa angalia na hii."

Mtu mmoja alicheka, na mwingine akamnyamazisha. Katekista aliishika ile chupa. Kisha akasimama, akamshika mkewe mkono, wakatoka pamoja. Alipopita kwangu uso wake ulikuwa wa majivu.

Baada ya siku ile hakuingia tena. Lakini hakuacha kuja. Sine ilijengwa kwa mbao, na upande wa nyuma, kwenye shamba la mahindi la Papa Sine, mbao mbili zilikuwa zimeachana kidogo. Haikuwezekana kuona kitu, ila sauti ilipita. Katekista alikuja na kigoda, akaketi, akaegemeza sikio. Mwanzoni watu walimcheka. Halafu wazee wengine walioshindwa bei wakaja kumwuliza nini kinaendelea, naye akawafasiria Kifaransa alichokisikia, akiongeza yake. Wiki ya nne walikuwa watu kumi na watano. Wiki ya nane walikuwa wengi kuliko walio ndani, nami nikahamisha meza yangu ya chai nikaipeleka nyuma.

Nakiri kwamba kwangu ule ndio ulikuwa wakati wake mzuri kuliko yote. Mvua ikinyesha walifunika vichwa kwa mifuko ya plastiki na hawakuondoka. Goli likifungwa, walio ndani walipiga kelele kwanza, halafu walio nje walisubiri midomo wazi, na Katekista akainua kidole: ekipe gani, nani, kwa mguu gani. Mguu alikuwa anaubuni.

Papa Sine alivumilia mpaka wateja wake wa ndani wakaanza kutoka na kuketi nje. Akaja na nyundo na misumari. Alikuwa na haya, nililiona hilo.

"Katekista, unisamehe. Unaniua."

"Piga msumari, kaka," alijibu Katekista, akainuka na kigoda chake. "Mbao ni yako."

Na mbao ikapigwa.

Sasa nieleze jambo la batri, kwa sababu ndilo lililomwangusha.

Kanisa letu lilikuwa na pano ya jua ya kutoa umeme, batri moja kubwa na mikro, kipaza sauti. Tulivinunua sisi wenyewe. Watu wa juu walitoa mtamba, watu wa chini walitoa magunia ya maharagi, na siku mikro ilipolia kwa mara ya kwanza wazee walicheza. Funguo alikuwa nazo Katekista.

Ikaja mechi ya timu ya taifa. Si mechi ya Ulaya, ni watoto wetu, wamevaa bendera yetu, na watu ambao hawajawahi kujali mpira walianza kuulizana. Papa Sine aliandika elfu tatu ubaoni. Alisema esansi imepotea, barabara imefungwa, lita alizonazo hazifiki dakika tisini. Elfu tatu kwetu ilikuwa siku tatu za kulima shamba la mtu. Watu walisoma ubao wakarudi nyumbani. Nilisikia mama mmoja mzee akisema, "Hata inchi yetu tunaiangalia na feza?"

Siku ya mechi, saa sita mchana, nilimwona Katekista anashuka njia ya kanisa na pano kichwani. Nyuma yake wanaume wawili walibeba batri kwenye fito, mmoja wa juu, mmoja wa chini. Akaiweka mlangoni pa sine, akamwambia Papa Sine, "Hii hainywi esansi. Futa ubao."

Papa Sine alifuta. Aliandika mia mbili.

Sijaona umati kama ule tena. Waliondoa mbao za ukuta mmoja ili wa nje waone. Mjomba wangu alikuwa bado hai, aliletwa amebebwa. Mke wa Katekista alikuwapo na kwaya nzima. Mimi sikuuza kitu, niliacha thermos, nikasimama juu ya benchi. Tulipofunga, kilima kilitikisika, na mwanamke wa chini nisiyemjua alinikumbatia mpaka kilemba changu kikaanguka. Halafu tukafungwa mara mbili, ya pili mwishoni kabisa. Tukatoka kimya, lakini kilikuwa kimya cha watu wa msiba mmoja. Katekista alitoka wa mwisho. Alikuwa amelia na hakujificha.

Asubuhi batri ilikuwa imevimba kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani ya umande. Haikushika umeme tena wala siku ile wala kamwe.

Pasaka ilifika wiki chache baadaye. Padri alikuja na pikipiki, akakuta mikro imekufa. Baada ya misa aliwaambia Wakristo wabaki. Komite ilikaa mbele, mezani. Katekista alisimama peke yake kando ya altare, koti lake limefungwa vifungo vyote.

Mwenyekiti wa komite aliuliza, "Nani alikupa ruhusa ya kutosha batri ya Mungu mu kanisa, kuipeleka mu sine?"

"Mimi."

"Weye mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Padri alisema taratibu, kama anayemfungulia mlango, "Omba msamaha, Katekista. Watu watakusamehe."

Katekista alimgeukia Padri. "Kwa batri, naomba musamaha," alisema. "Ile siku, siwezi kuiombea musamaha, Padri. Nitakuwa nadanganya ndani ya kanisa."

Ndipo mwenyekiti akasema wanaotaka aache kazi wainue mikono. Nilitazama. Wale wawili waliobeba batri waliinua. Papa Sine aliinua. Wale wa kigoda na ukuta, waliokuwa wakimsubiri ainue kidole, waliinua. Baba mkwe wangu, aliyekuwa kando yangu, aliinua, akanigeukia akanikazia macho. Niliinua na mimi. Sikuinua juu sana, lakini niliinua.

Alitoa funguo mfukoni, akaziweka mezani pamoja na daftari la ubatizo. Miaka ishirini na sita ya kazi. Mkewe akamfuata nje, na kwaya haikuimba wimbo wa mwisho kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anaanzisha.

Baadaye sote tulipoteza vya kupoteza. Bei ya abonema ilipanda tena, Papa Sine akauza dekoda, akatumia mbao za sine kupikia. Katekista mpya alikuwa kijana mzuri wa Kifaransa kizuri, na watu wa juu walianza kukaa upande wa kulia wa kanisa, wa chini upande wa kushoto, na hakuna aliyevuka. Kisha vita vikapanda kilima. Ng'ombe zetu zilichukuliwa zote kwa asubuhi moja. Tulikimbia, kila mtu kwa njia yake, na mimi nikatokea mji mdogo wa Kalembe, nikapanga chumba, nikauza chai isiyo na maziwa.

Nilikuwa na mwaka na nusu pale niliponyanyua macho alasiri moja ya Jumapili nikamwona anapita barabarani. Alibeba mzigo wa muhogo mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, kama wanawake wanavyobeba. Boti zilikuwa zimekatwa zikawa kandambili. Nilimwita. Alisimama, akanitambua polepole.

"Mama wa chai," alisema.

Nilimkalisha. Nilimuuliza habari za mkewe. Alikufa, aliniambia, njiani, kabla ya kufika Kalembe. Yeye alikuwa akilima shamba la mtu, na mwenye shamba alimwachia muhogo mdogomdogo.

Mbele yetu, ng'ambo ya barabara, kulikuwa na sine. Siku ile ilikuwa na mechi kubwa, na ubao ulidai franga elfu nne. Waliokuwa wanaingia ni wafanyabiashara na wale waliotoka machimboni, wakilipa bila kuuliza. Nilikuwa na pesa ile. Ilikuwa pesa ya sukari, lakini nilikuwa nayo, nikaitoa.

"Papa Katekista, ingia. Mimi nitalinda muhogo wako."

Aliitazama ile pesa mkononi mwangu. "Banacheza nani?"

Nilimtajia ekipe zilizoandikwa. Moja ilikuwa ile yake, ile aliyoililia. Alitikisa kichwa.

"Sijui tena bachezaji. Bale najua balisha kuacha. Nikiingia, itakuwa kama kufika ku kilio cha muntu sikumujua." Akairudisha mikono yake magotini. "Na benchi moja kwa bei ile, mama. Muntu anaikalia namna gani?"

Nikaona kwamba nisiposema siku ile sitasema. "Ile Pasaka," nilisema, "niliinua mukono."

"Bote muliinua."

"Mimi sikukuwa nataka."

"Najua." Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Kama ningekuwa nimekaa mu benchi yenu, na bantu banaangaliana vile, na mimi ningeinua. Usibebe ile, mama. Unibebeshe muhogo."

Nilimsaidia kuinua mzigo. Alipoweka kamba kwenye paji la uso, sine ililipuka. Kelele ilitoka kwenye milango, kwenye mbao, watu barabarani wakasimama na kugeuka, hata mwanajeshi wa bariyeri aligeuka. Katekista alikuwa anafunga kamba vizuri. Aliifunga, akaijaribu, akashika njia ya kushuka. Hakugeuza kichwa.

Nilimtazama mpaka akapotea kwenye kona. Kisha, mimi ambaye mpira ulikuwa haunihusu kitu, nilivuka barabara nikamuuliza mtu wa mlangoni ni nani aliyefunga, na kwa mguu gani. Aliniambia. Nililishika lile jina wiki nzima, nikilirudia nisilisahau, nipate la kumwambia akipita tena.

Hakupita tena.